Bei ya Ukutani

Jirani wa mlango wa kushoto, ambaye mtaa mzima humwita Redio, anadai kwamba Jumatano moja saa kumi alasiri, akiwa anaanika nguo, aliliona kabati la vyombo la nyumba ya Kaza likirudi safari juu ya tela la Taratibu. Anasema kabati lilikuwa limesimama katikati ya tela, peke yake, kama mgeni rasmi, limefungwa kwa kamba mbili, na vioo vyake havikugongana hata lori lilipopanda tuta. Anasema alikiona kikombe cha bluu ndani yake, na birika lisilo na mfuniko. Anasema pia kwamba Taratibu alikuwa ameshusha kofia mpaka puani, akiendesha kama mtu anayepita na jeneza mbele ya harusi.

Redio alikosea mambo mawili tu. Haikuwa Jumatano, ilikuwa Alhamisi, maana Jumatano Taratibu hulala njiani. Na kamba hazikuwa mbili, zilikuwa nne. Mengine yote yalikuwa kama alivyosema, na kabla ya kabati vilikwisha kuja vitu vingine vitatu.

Taratibu na Kaza walikuwa mashemeji. Kaza alimwoa dada mdogo wa Taratibu, fundi cherehani, na nyumba zao zilitazamana. Wote wawili walikuwa wenye malori. Hawakuwa madereva wa tajiri; walikuwa watu wa lori moja, tela moja, na usukani wao wenyewe. Kazi yao ilikuwa ya tela bapa, lile lisilo na kuta wala paa, sakafu tupu juu ya magurudumu, la kubebea vitu visivyoingia kwingine: mabomba, nondo, mbao ndefu, mashine zinazoteremshwa na winchi kutoka juu. Watu wa tela bapa wana msemo wao. Husema tela letu halina siri, ulichobeba mji mzima umekiona.

Kaza aliitwa Kaza kwa ajili ya mafundo yake. Akiufunga mzigo, mzigo na tela huwa kitu kimoja, na hakuna mkono mwingine uliowahi kulifungua fundo lake. Yeye hulifungua kwa vidole viwili, akiendelea na mazungumzo. Taratibu alifundishwa fundo hilo mara tatu. Kila mara vidole vyake vilikubali, na kila mara kesho yake vikasahau.

Yadi yao ilikuwa nyuma ya kibanda cha fundi tairi. Kwenye ukuta wa kibanda hicho fundi tairi aliandika kwa chaki bei ya kubeba tani moja, na chini ya ukuta kila mwenye lori aliweka gogo lake la kuzuia tairi, limepakwa rangi yake, yote kwa mstari. Gogo la kwanza ndilo lenye zamu. Dalali akija na mzigo, mwenye gogo la kwanza husikiliza. Bei ikifika ile ya ukutani, anabeba, na gogo lake linakwenda mkiani. Isipofika, anakataa, na wa nyuma yake wanakataa, mmoja mmoja mpaka wa mwisho, na dalali anarudi ofisini kufikiri upya. Hakukuwa na karatasi wala muhuri. Kulikuwa na chaki na magogo, na kwa miaka tisa vilitosha.

Mwezi wa pili wa mwaka huo Taratibu alibadilisha tela. Aliuza lile fupi la ekseli mbili akachukua refu la ekseli tatu, tairi kumi na mbili badala ya nane, la kulipia kila mwezi. Kaza alilizunguka mara moja, akalipiga teke kidogo kama mtu anayeamsha ng'ombe.

"Shemeji, tela refu lina tumbo refu. Hili litakudai chakula hata siku hakuna mzigo."

"Na wewe utabaki na hicho kitanda chako cha mbao?"

"Kitanda ndicho kinachonipa usingizi," Kaza akajibu, na wote wakacheka.

Mwezi wa nne dalali alileta mzigo wa mabomba ya maji: kila wiki, mwaka mzima, kutoka kiwandani hadi kwenye mradi, siku mbili kwenda na siku moja na nusu kurudi. Ukutani ilikuwa arobaini. Dalali alitoa thelathini na moja. Zamu ilikuwa ya Kaza.

"Hiyo bei ipelekee punda," Kaza alisema. "Naye mwulize kwanza kama ameshiba."

Wa pili akakataa. Wa tatu akakataa. Gogo la Taratibu, lenye rangi ya kijani, lilikuwa la saba, na zamu ilipomfikia naye alikataa, kwa sauti nzuri kabisa, mpaka mwenyewe akaisikia na kuipenda.

Siku mbili baadaye, mchana, alikuwa amelala chini ya lori akipaka grisi. Simu ililia juu ya kiti. Mkewe, Mama Pacha, aliipokea, akasikiliza, akainama mpaka akaziona nyayo za mumewe.

"Ni dalali. Anasema eti thelathini na moja unaweza."

Tone la grisi lilianguka kwenye shati lake. Akahesabu tairi kumi na mbili, ingawa alikwisha kuzijua ni kumi na mbili.

"Mwambie sawa."

"Unasemaje?"

"Sawa."

Kwa hiyo alilisema mara mbili. Baadaye alijifariji kwamba yeye na dalali hawakuzungumza siku ile. Ilikuwa kweli, na haikumsaidia.

Mabomba aliyapakia kwenye geti la kiwanda, si yadini, na gogo la kijani likabaki la saba palepale kama mtu aliyesinzia. Yadini alisema kapata mteja wake wa zamani. Hakuna aliyemuuliza, kwa sababu miaka tisa hakuna aliyewahi kuulizwa. Wiki ya tatu dalali alianza kuwaambia watu, huku akisafisha miwani yake kwa shati, kwamba anaye mtu anayebeba kwa thelathini na moja na halalamiki. Jina hakutaja. Hakuhitaji. Fundi tairi aliifuta arobaini akaandika thelathini na saba. Kisha thelathini na nne. Kisha thelathini na moja, na mkono wake ukachelewa kwenye ile moja.

Wakafanya kikao. Kila mtu alimtukana huyo asiyejulikana, na Taratibu alimtukana kuliko wote. Alimwita mchawi wa bei. Alisema mtu kama huyo hata chumvi asiazimwe. Kaza alikuwa amekaa juu ya gogo lake jekundu, akichonga kijiti.

"Msimtafute," alisema. "Tukimjua tutamchukia, na huenda ni mtu tunayemsalimia kila asubuhi."

Taratibu alikubali kwa kichwa. Kichwa kilikuwa chepesi mno, kikakubali mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Safari iliyofuata, akirudi mtupu, alisimama kujaza mafuta akakuta kiti juu ya tela. Kilikuwa kiti cha plastiki cheupe chenye alama ya pasi kwenye mkono wa kulia. Alikijua. Kila Jumapili alikuwa akikikalia barazani kwa Kaza, na kidole chake kilikuwa na mazoea ya kuizunguka alama ile. Kiti kiliangalia nyuma, barabara ilikotoka, na kilifungwa kwa fundo la Kaza.

Muuza mafuta alisema, "Kimefungwa vizuri."

Taratibu alihangaika na fundo nusu saa. Kisha akatoa kisu. Kisu kilikata kamba, na kamba ikabaki imefungwa. Akakirudisha kisu mfukoni, akaendesha mpaka nyumbani, akasimama katikati ya zile nyumba mbili, akapiga honi ndogo.

Kaza alitoka na taulo begani. Alilifungua fundo kwa vidole viwili.

"Nilikuwa nakitafuta tangu asubuhi," alisema. "Asante kwa kukirudisha, shemeji." Akakibeba kichwani akaingia nacho ndani.

Wiki iliyofuata ilikuwa cherehani. Ilikuja na gauni la mteja bado liko chini ya sindano, na dada yake Taratibu alikuwa anamsubiri mlangoni, futi ya kupimia shingoni.

"Kaka, ungengoja basi nimalize mkono. Nimebaki nimekaa mbele ya meza tupu kama bibi harusi aliyekimbiwa."

"Samahani, dada."

"Si kitu. Ila sindano umeipinda."

Baada ya cherehani ukaja mlango wa chumbani, umelazwa chali, ufunguo ukiwa kwenye kitasa. Usiku mzima uliotangulia Kaza na mkewe walikuwa wametundika shuka pale mlangoni. Kisha ndipo likaja kabati, ambalo Redio alilitangaza mpaka kituo cha maji.

Hakuna aliyeshangaa. Watu walisema vitu vya nyumba hutembea kama vikiitwa, na mwenye akili huangalia ni nani anayeviita. Walisema hivyo wakimtazama Taratibu, kisha wakatazama pembeni kwa adabu, na hiyo adabu ndiyo iliyomuumiza.

Alijaribu kupita njia za nyuma, kule kwenye maghala, wasikokaa watu. Lakini tela refu halikati kona za vichochoro. Lile fupi la zamani lingepita. Hili lilimlazimisha kupita barabara kubwa, mbele ya kinyozi, mbele ya shule ya pacha wake, mbele ya yadi yenyewe, taratibu, kwa sababu ya matuta, na chochote alichokuwa nacho mgongoni kikipita kwa macho ya kila mtu kama bidhaa mnadani.

Kwenye mizani karani aliangalia karatasi zake.

"Hapa umeandika unarudi mtupu."

"Ndiyo."

"Na hilo sinki?"

"La shemeji yangu."

"La kuhama au la biashara?"

Taratibu alifikiri. "La kumrudishia."

Karani akaandika. "Funika basi, mzee. Juzi kapita mwenzako na kisima, na ndoo yake juu. Nikamwambia kisima kifunikwe, mtu asije akatumbukia. Nyinyi watu wa tela bapa mnabeba vitu wazi wazi."

"Nani huyo mwenye kisima?"

"Simjui. Alikuwa ameshusha kofia kama wewe."

Basi akafunika. Alinunua turubai jipya, Mama Pacha akalitia pete za chuma pembeni, na wiki hiyo, baada ya kushusha mabomba, akalifunga juu ya tela tupu, pande zote nne, likakazana kama ngoma. Alipofika nyumbani turubai lilikuwa limekunjwa vizuri, kona kwa kona, na juu yake ilikaa redio ya Kaza, ile ya betri, imewashwa, ikisoma taarifa ya habari.

"Ukivuliwa nguo, chutama," Mama Pacha alimwambia usoni. "Wewe unakimbia mtaani uchi, unatafuta turubai."

"Ni wewe uliyemjibu dalali."

Mama Pacha alikuwa anakunja nguo za watoto. Alikunja moja, akaikunjua, akaikunja tena.

"Ni mimi," alisema. "Ndiyo maana kila Jumapili naumwa kichwa, na hatuendi tena kwao. Ulidhani ni malaria?"

Jumamosi ile Taratibu alikwenda kwa muuza matela, nje ya mji, mahali ambapo matela husimama kwenye majani kama mifugo isiyo na mchungaji. Muuza matela alikuwa mtu wa kujali. Alimletea maji kwanza.

"Unabeba nini?"

"Kwenda, mabomba. Mita kumi na mbili. Kurudi, vitu vya nyumbani kwa shemeji."

"Vya thamani?"

"Vya kawaida. Sitaki vionekane."

"Basi unataka sanduku." Akampeleka kwenye tela la sanduku, lenye kuta nne na mlango wa nyuma. Akagonga ukuta wake, ukatoa sauti ya ubaridi. "Humu hata ukibeba dhambi, afisa anaona rangi tu. Lakini bomba la mita kumi na mbili litaingiaje? Winchi haitoboi paa. Utasukuma moja moja kwa nyuma mpaka mwaka uishe."

"Na lile?"

"Lile ni la pazia. Unafungua ubavu mzima, unapakia, unalifunga kama dirisha. Zuri. Ila fremu yake peke yake inakula tani mbili. Kwenye mizani hizo ni tani mbili za mabomba ambazo hutabeba. Wewe unabeba kwa ngapi?"

Taratibu alitazama majani.

"Bei ya ukutani," alisema.

"Thelathini na moja? Basi usinunue. Kwa bei hiyo hata kujificha huwezi kukumudu. Huyo aliyeishusha hiyo bei ni mtu wa ajabu, ujue. Amejikata mguu ili wenzake wachechemee."

Taratibu alimshukuru kwa maji. Njiani alijumlisha na kutoa, akaona ni kweli tupu: mafuta, tairi mbili zilizopasuka mwezi ule, malipo ya tela. Alikuwa amebeba mabomba miezi mitatu, na nyumbani hakuwa ameleta chochote isipokuwa vitu vya Kaza.

Kaza mwenyewe hakuwa na mzigo tena. Gogo lake jekundu lilikuwa la kwanza kwenye mstari kwa wiki kumi na moja. Wengine, mmoja mmoja, walianza kubeba kwa thelathini na moja, kwa kuwa sasa ndiyo iliyokuwa imeandikwa, na mtu hawezi kulaumiwa kwa kutii ukuta. Kaza alisema bei si chaki, bei ni neno, na neno lao lilikuwa arobaini. Wakampita kwa heshima, wakiruka gogo lake. Kwenye tela lake la mbao kuku wa fundi tairi alianza kutagia mayai.

Wiki ya kumi na nne Taratibu alikuwa njiani kurudi, jua la saa nane, aliposikia mtu akikohoa nyuma. Alitazama kwenye kioo. Juu ya tela kilikuwapo kitanda cha chuma, na kitandani alikuwa amelala mama mzazi wa Kaza, blanketi limefika kidevuni, mkanda mmoja umepita kifuani bila kumbana, mafundo manne kwenye miguu ya kitanda.

Alisimama kando ya barabara, akapanda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hilo jina lako umelipata kwa uongo. Matuta unayaruka kama mbuzi."

"Nisamehe mama. Ngoja nikufungue, uje ukae mbele."

"Utanifungua na vidole gani?"

Alijaribu hata hivyo. Bibi alimwangalia kwa subira, kama mtu anayemwangalia mtoto akivaa viatu kinyume. Malori ya watu wengine yalipita, na madereva wakapunga mkono. Bibi akawapungia wote. Taratibu aliacha mafundo, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nne alikuwa peke yake na mtu wa nyumba ya Kaza, na sakafu ya tela ilikuwa ya moto.

"Mama," alisema, "yule mtu wa thelathini na moja ni mimi."

"Najua."

"Umejuaje?"

"Mwanangu, mtu akae juu ya tela lako saa mbili asijue linabeba kwa bei gani? Halina hata grisi. Linalia njia nzima." Alivuta blanketi. "Sasa umeniambia mimi. Umetua?"

"Kidogo."

"Basi umetua mahali pasipo pako. Mwambie mwenyewe. Mimi nimebakiwa na sikio la kushoto tu, na hilo lina mambo yake."

Aliendesha polepole mpaka akapigiwa kengele na wenye baiskeli. Walipofika, Kaza alikuwa tayari yuko nje. Aliyafungua mafundo manne, akamwinamia mama yake, akambeba mgongoni. Bibi alimtazama Taratibu juu ya bega la mwanawe, akangoja.

"Shemeji," Taratibu alisema.

"Naam?"

Upande wa pili Redio alikuwa ameshika shati lenye maji, halichuruziki. Mama Pacha alikuwa dirishani.

"Blanketi limebaki," Taratibu akasema.

"Aa, asante," Kaza akajibu, na akageuka kidogo ili awekewe begani.

Wiki ya kumi na saba Kaza aliuza lori. Alilinunua dalali, ambaye hakuwahi kuwa na lori maishani, na ambaye sasa alisema anaona kuna faida mtu akiwa na la kwake. Tela la mbao halikutakiwa. Lilipasuliwa likauzwa mbao. Fundi tairi aliyahamisha mayai ya kuku kwa mkono. Gogo jekundu lilibaki la kwanza kwenye mstari, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwa mtu wa kuliondoa, na malori yakaendelea kulipita.

Kaza na mkewe na bibi wangehamia kwa ndugu zake, siku mbili kwa barabara, njia ileile ya mabomba. Jioni ya Ijumaa alivuka kuja kwa Taratibu, jambo ambalo hakulifanya kwa miezi. Hakukaa.

"Shemeji, vitu vyangu vimeshalizoea tela lako. Nihamishe Jumapili."

"Nitakuhamisha," Taratibu alisema.

Jumapili alfajiri alitoka akitarajia kukuta vyote vimekwisha kupanda vyenyewe, kabati na cherehani na mlango, vimefungwa, kama ilivyokuwa kila Alhamisi. Tela lilikuwa tupu. Lilikuwa halijawahi kuwa tupu hivyo. Vitu vilikuwa vimepangwa nje ya mlango wa Kaza, vimesimama tu, vikingoja kubebwa na mikono kama vitu vya watu wengine.

Wakabeba. Kaza upande mmoja, Taratibu upande wa pili. Kitanda. Kabati, vioo vikigongana safari hii. Kile kiti cha plastiki Taratibu alikibeba peke yake, na kidole kikaiona alama ya pasi bila kutafuta. Dada yake alifunga cherehani kwa shuka, akamkabidhi bila kumtazama.

"Usinipindie sindano tena, kaka."

"Sitapinda."

Bibi alipandishwa mbele, kwenye kiti cha abiria, akashusha kioo cha dirisha. Redio aliacha ndoo yake katikati ya uwanja akaja kabisa, maana leo hakutaka kukosea jambo hata moja. Mama Pacha alisimama na mfuko wa mikate ya njiani, ameukumbatia.

Kaza alifunga. Alizunguka tela refu lile kona hadi kona, bila haraka, akivuta, akikaza, na kila fundo lilipokaa vitu vilinyamaza. Lilipobaki moja alisimama na ncha ya kamba mkononi.

"Haya shemeji," alisema. "Nitajie bei."

"Bei gani tena?" Taratibu alijaribu kucheka. "Nyinyi ni watu wangu. Hii ni bure."

"Hapana, bure sitaki. Bure ndiyo inayoua ukuta. Leo bure ya shemeji, kesho bure ya rafiki, keshokutwa dalali anauliza yeye ana kosa gani. Wewe ni mtu wa tela, una tumbo la kulisha. Nitajie bei kama unavyomtajia mtu mwingine yeyote."

Uso wake ulikuwa wa kawaida. Taratibu aliutafuta kila mahali, kwenye macho, kwenye mdomo, aone kama anajua au hajui, akaona uso wa mtu aliyeuliza bei. Aliifikiria arobaini, ikamchoma ulimi. Akaifikiria ile nyingine, na jasho likamtoka chini ya kofia. Akaivua kofia, akaishika kwa mikono miwili, na hakujua kwa nini ameivua.

Ndani ya lori bibi aligeuza kichwa polepole, sikio la kushoto likaelekea dirishani.

"Kwa tani, shemeji," Kaza alisema, akiwa bado ameshika kamba. "Unabeba kwa ngapi?"